Ustawi, ushiriki na kuzama

Mwaka 1976 Ferre Laevers wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alianza kuchunguza madarasa ya awali akiwa bega kwa bega na walimu wenyewe. Kazi hiyo ilizaa kipimo cha ngazi 5 kinachouliza mambo mawili tu: mtoto ana raha kiasi gani, na akili yake imo kiasi gani katika anachokifanya.

La kwanza tumezoea kuliita ustawi. Sina ugomvi nalo sana, ila mahindi hustawi kwa msimu, hayastawi kwa dakika. Na ukilitaja Tanzania, wengi watafikiria ofisi ya ustawi wa jamii. Laevers anatazama saa hiihii: mtoto ametulia, anacheka bila kujibana, haogopi kukosea? Neno limeshaenea, libaki, mradi mwalimu aelezwe kuwa ni ustawi wa papo hapo.

La pili ndilo linaloponza. Wepesi wa kutafsiri hukimbilia ushiriki, na hapo kipimo kinaharibika. Mtoto anayeitikia "Ndiyo, mwalimu!" pamoja na wenzake ameshiriki. Lakini yule anayepanga visoda kwa rangi, midomo kaibana, anaubomoa mstari mzima kwa sababu kisoda cha kijani kimeponyokea kwenye vyekundu, na kengele ya uji inalia wala hana habari, huyo amezama. Ngazi ya 5 ni yake. Napendekeza kuzama basi, nikijua fika kwamba mwalimu wa Bagamoyo atauliza kwanza kama mtoto ameokolewa.

Tofauti hii inauma zaidi kwenye elimu jumuishi. Tamko la Salamanca, Hispania, la mwaka 1994, lililopitishwa na wajumbe wa serikali 92, lilitaka shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Kupokelewa kunaonekana kwenye daftari la mahudhurio. Mtoto asiyesikia vizuri, aliyeketishwa nyuma, naye ana alama ya vyema kila siku. Wenzake wakisimama anasimama, wakipiga makofi anapiga. Kwa ushiriki amefaulu. Kwa kuzama huenda yuko ngazi ya 1 au 2, na kwa Laevers namba hiyo haimhukumu mtoto. Inamrudia mwalimu: umemkalisha wapi, umempa nini mkononi, na unapozungumza unamwelekea yeye au ubao?