Majarida ya baba zetu: kwa nini tunaokota karatasi za zamani Bujumbura



Wengi mmetuuliza: hawa vijana wanatafuta nini kila Jumamosi kwa wauza karanga wa Ruvumera? Jibu ni karatasi. Tukiona karanga zimefungwa kwa ukurasa wa zamani, tunanunua karanga na tunamwomba mama atuoneshe rundo lote. Mara nyingi ni madaftari ya shule. Lakini siku moja tulikuta kurasa nne za jarida, na ndani yake mwanaume wa suti, redio pembeni, anatuangalia kama mtu aliyefika mjini na hataki kurudi. Kazi yetu ilianzia hapo.

Tukisema "majarida ya wanaume", watu wanacheka, wanafikiri ni picha za uchi. Ni kweli, ziko za namna hiyo. Marekani walikuwa na Esquire tangu 1933, halafu Playboy mwaka 1953. Wafaransa wakaanzisha Lui mwaka 1963. Huko kwao wakusanyaji wanayalipia pesa nyingi. Toleo la kwanza la Playboy halina hata tarehe, maana Hugh Hefner mwenyewe hakuwa na hakika kama la pili litatoka. Sisi hatuko kwa biashara hiyo. Tunatafuta yale ambayo wanaume wa kwetu walisoma ili wajue mwanaume wa mjini anakuwaje.

Tuanze karibu. Tangu 1925 Wabelgiji waliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo yao kwa utawala, na mkubwa wao wa huku alikaa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Mwaka 1945, Léopoldville, likatoka jarida La Voix du Congolais. Mhariri wake alikuwa Antoine-Roger Bolamba, na lilidumu mpaka 1959. Hakuna aliyeliita jarida la wanaume, lakini lilikuwa hivyo: walioandika karibu wote ni wanaume, makarani na walimu, wale walioitwa "évolués". Wanawake waliongelewa sana humo, lakini wao wenyewe hawakuongea sana.

Mambo yao makubwa yalikuwa nini? Heshima na karatasi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilileta kadi ya sifa njema ya kiraia, na 1952 ikaleta "immatriculation" kwa wale waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Ili uipate, wakaguzi walikuja mpaka nyumbani. Waliangalia vyombo vya kulia, choo, namna unavyoishi na mke wako. Patrice Lumumba, ambaye naye aliandika katika jarida hilo, alikataliwa kwanza. Alikubaliwa mwaka 1954.

Tuliposoma habari hiyo kwenye kikundi, palikuwa kimya. Kila mmoja wetu anajua kukaa mbele ya meza na kuulizwa maswali, halafu kungojea mtu mwingine aseme wewe ni nani. Hatusemi ni kitu kimoja. Wale walikuwa chini ya mkoloni, sisi tunaomba ulinzi. Lakini moyo unadunda vilevile.

Halafu kuna Bingo. Hili lilianzishwa Dakar mwaka 1953 na Ousmane Socé, kwa Kifaransa, na lilisomwa katika nchi nyingi. Uzuri wake ni kwamba wasomaji walituma picha zao wenyewe na jarida likazichapa. Fundi wa studio anakupiga picha, unavaa shati lako zuri, unaitia kwenye bahasha. Ukibahatika, watu wa mbali wanakuona. Ni kama vile sisi tunavyoweka picha leo kwenye simu, ila wao walingojea miezi.

Kwa upande wa Kiingereza kulikuwa na Drum, lililoanza Cape Town mwaka 1951. Mwanzo lilijaa hadithi za vijijini na watu wa mjini hawakulipenda. Likahamia Johannesburg, likaandika ndondi, jazi, majambazi na siasa. Mwandishi wake Henry Nxumalo alijifanya kibarua kwenye mashamba ya Bethal, akafichua mwaka 1952 jinsi wafanyakazi walivyoteswa. Kampuni hiyohiyo baadaye ilitoa African Film, hadithi za picha za mpelelezi Lance Spearman, mwenye kofia na tai ya kipepeo, anayemfukuza adui yake Rabon Zollo. Vijana wa Kenya na Nigeria walimpenda mno. Kumbe vitu hivyo vilitoka kwa kampuni ya Afrika Kusini, nchi ambako mwanaume mweusi hakuweza kutembea mjini bila pasi mfukoni! Kwenye karatasi Spearman aliendesha gari lake bila kusimamishwa na mtu.

Sasa tuwaambie kwa nini hatuachi. Iko mzee mmoja hapa kartie, sisi tunamwita Papa. Alivuka mpaka wa Kavimvira akiwa na mfuko mmoja. Diploma yake ilibaki nyumbani, na nyumba iliungua. Ndani ya mfuko kulikuwa na nguo na matoleo matatu ya Bingo. Tulimuuliza, Papa, kwa nini haya? Akasema baba yake alituma picha yake Dakar zamani, na hakujua kamwe kama ilichapwa. Picha nyingine ya baba yake hana. Leo amefikisha matoleo kumi na moja. Bado hajaiona. Kila tukipata ukurasa mpya, tunampelekea kwanza yeye.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kama uko na jarida la zamani, usiliuze kwa kilo. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na jalada na tarehe. Pili, litunze pakavu, mbali na jua, na usiligandishe kwa skochi, maana inaacha doa na kula karatasi. Tatu, muulize mwenye nalo alilipata wapi na mwaka gani, na uandike hapohapo. Na kama ndani kuna picha ya mtu aliye hai, usiiweke mtandaoni kabla hajakubali. Wengine wetu tuko na sababu za kutotaka kuonekana.

Nanyi mnaofanya kazi za misaada: mkimhudumia mzee mwenye mfuko wa karatasi kuukuu, msimwambie autupe ili apunguze mzigo. Muulizeni kwanza ndani kuna nini.

Jumamosi tutakuwa Ruvumera tena. Karanga tunagawana.