Spika za mzunguko
Spika za mzunguko ni jozi ya spika zinazowekwa ubavuni mwa mtazamaji, nyuma kidogo, ili mvua au kelele za umati katika filamu zimzingire. Kwa mfumo wa 5.1 (spika tano na sabufa, yaani spika ya besi), pendekezo la BS.775 la ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, huzipangia nyuzi 100 hadi 120 kila upande, zikipimwa kutoka alipoketi msikilizaji, spika ya kati ikiwa sifuri. Nyumbani huinuliwa juu kidogo ya masikio. Kochi likiegemea ukuta, wengi huzipanga kando ya televisheni, na hapo mzunguko haupo tena. Heri kuzitundika kwenye kuta za pembeni. Sabufa ina uhuru zaidi, kwani sikio halitambui kwa urahisi besi nzito inatokea wapi.