Kiswahili Ndani ya Programu za Ofisi, 2004–2022: Historia Fupi kwa Mtazamo wa Kasese na Bwera

1. Utangulizi

Historia ya Kiswahili nchini Uganda huandikwa kwa kawaida kwa kufuata matamko. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha matumizi yake kama lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Makala hii inafuata njia nyingine. Inachunguza vijenzi vidogo vya programu vinavyofanya kazi ndani ya programu kubwa ya ofisi, hasa kikagua tahajia na kamusi zake, kwa kuwa humo ndimo barua, mihutasari ya vikao na matangazo ya serikali huandikwa siku hizi.

Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kilipata vijenzi hivyo mapema, takribani miaka kumi na minane kabla ya uamuzi wa 2022, lakini hakikupata mlezi wa kudumu wa kuvitunza. Pengo hilo linaonekana waziwazi zaidi mpakani kuliko katika miji mikuu.

Kasese na Bwera zimechaguliwa kwa sababu ya historia yake. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 ili kusafirisha shaba ya Kilembe, na mgodi huo ukawakusanya wafanyakazi wa lugha mbalimbali. Bwera iko karibu na kituo cha mpakani cha Mpondwe. Ukivuka mto Lhubiriha unaingia Kasindi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lhukonzo cha upande huu na Kinande cha upande wa pili ni lugha ndugu, na Kiswahili huwaunganisha wale wasiokuwa na hata moja kati ya hizo mbili.

2. Kijenzi na mwenyeji wake

Kijenzi cha aina hii hakijitegemei. Huishi ndani ya programu mwenyeji, nayo hukiita inapokihitaji. Katika ukaguzi wa tahajia, mwenyeji hukabidhi neno na kuuliza kama ni sahihi; kijenzi hujibu ndiyo au hapana, na jibu likiwa hapana huleta mapendekezo. Mstari mwekundu wenye mawimbi, uliozoeleka tangu Word ya mwaka 1995, ni jibu hilo la «hapana» likichorwa papo hapo.

Mpaka miaka ya 1990, kwa kiasi kikubwa kampuni yenye programu ndiyo iliyoamua ni lugha zipi zipate kijenzi. Mlango ulifunguka zaidi baada ya Sun Microsystems kuinunua StarOffice mwaka 1999 na mwaka uliofuata kuuweka wazi msimbo wake, uliozaa OpenOffice. Tangu hapo mtaalamu wa lugha aliweza kuongeza lugha yake kwa kuandika faili mbili za matini: moja ya orodha ya maneno, nyingine ya kanuni za viambishi. Kuanzia toleo la 3.0 la mwaka 2008, kamusi za namna hiyo zilianza kusambazwa kama viendelezi ambavyo mtumiaji anaweza kuvisakinisha mwenyewe.

3. Mwaka 2004 na tatizo la viambishi

Mwaka 2004 ulikuwa wa neema. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kutafsiri programu zake kwa Kiswahili. Nchini Kenya, Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton aliandaa kamusi ya kukagua tahajia kwa ajili ya OpenOffice na kuitoa kwa leseni huria. Kamusi hiyo imerithiwa na LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010, na ndani yake imebeba msimbo «sw_TZ»: kazi iliyofanywa Njoro ikaitwa kwa jina la Tanzania.

Ugumu wa kazi hiyo haujathaminiwa ipasavyo. Injini ya wakati huo, MySpell ya Kevin Hendricks, iliweza kubandua kiambishi kimoja mbele ya mzizi na kimoja nyuma. Kitenzi cha Kiswahili hakitoshei katika kipimo hicho. Tuchukue viambishi sita vya nafsi na vinne vya wakati na hali (-na-, -li-, -ta-, -me-): tunapata maumbo 24 ya kitenzi kimoja. Tukiongeza mashina matano, yaani andika, andikia, andikwa, andikiwa na andikisha, yanakuwa 120, kabla ya kugusa yambwa, ukanushi, urejeshi na ngeli nyingine. Mtunzi hubaki na njia mbili: kuorodhesha maneno mazima, au kuunganisha viambishi vyote vya mbele na kuvihesabu kama kimoja. Njia ya kwanza huacha maneno halali nje. Ya pili, isipodhibitiwa, huruhusu maumbo yasiyokuwapo, kama *ninaniandikia.

Suluhisho la kiisimu lilikuwapo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kujenga kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili, SWATWOL, kwa kufuata modeli ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi. Baadaye László Németh aliunda Hunspell, iliyorithi nafasi ya MySpell. Lakini Hunspell iliundwa kwanza kwa ajili ya Kihungari, lugha inayorundika viambishi nyuma ya mzizi. Hubandua viambishi tamati viwili mfululizo. Ili kubandua viwili vya mbele, mtunzi hulazimika kuwasha chaguo maalumu na kupoteza kile cha pili cha nyuma. Lugha za Kibantu zinahitaji pande zote mbili. Kwa hiyo zana iliyosambaa ilijengwa kwa umbo la lugha nyingine, na zana iliyolijua umbo letu haikuwa ndiyo iliyozoeleka mezani.

4. Mezani Bwera

Katika ofisi moja ya Bwera, ambayo sitaitaja, nilimkuta karani akiandika kwa Kiswahili tangazo la siku ya soko. Karibu kila neno lilikuwa na mstari mwekundu. Alinieleza kwa upole kwamba huuzima ukaguzi kila asubuhi, «maana mashine inatutukana». Tangazo lilipobandikwa, jina la siku lilikosewa herufi mbili, na wafanyabiashara kutoka ng'ambo walilazimika kuuliza ni siku gani. Kosa hilo lingenaswa na kijenzi chochote cha Kiswahili.

Kijenzi hakikuwapo, lakini hata kingekuwapo kingekaa kimya. Mwenyeji huita kamusi kulingana na lugha iliyotiwa alama katika matini, na waraka ule ulikuwa umetiwa alama ya Kiingereza, kama zinavyokuwa nyaraka nyingi katika kompyuta zinazotoka kiwandani zikiwa hivyo. Kikwazo cha pili ni ritifaa. Programu nyingi hubadili ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kamusi inayoijua moja tu italikataa neno «ng'ambo» lililoandikwa sawasawa. Kikwazo cha tatu ni majina ya mahali. Lhubiriha na Lhukonzo hazimo katika kamusi iliyoandaliwa mbali na mto huo.

Lhukonzo chenyewe kinatufundisha zaidi. Kwenye maandishi kimeitwa Rukonjo, Lukonzo na Lhukonzo. Binadamu huvumilia tofauti hizo. Faili ya kamusi haivumilii, bali humlazimisha mtunzi kuchagua. Aidha, irabu ya mwanzo katika Omukonzo, Abakonzo na Olhukonzo huweka viambishi viwili mbele ya mzizi, tatizo lilelile la Kiswahili. Atakayelitatua kwa lugha moja atakuwa ameifungulia njia nyingine.

Gharama ya kupuuza haya si ya urembo wa maandishi. Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kuthibitishwa wilayani Kasese, Hospitali ya Bwera ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyopokea wagonjwa. Tangazo la afya katika hali hiyo huandikwa kwa saa chache, na kikagua tahajia ndicho msomaji wa pili pekee ambaye mwandishi huwa naye.

5. Hitimisho na mapendekezo

Kikagua tahajia hakifanyi lugha kuwa rasmi, wala hakitambui neno sahihi lililotumika mahali pasipo pake. Hata hivyo, historia hii inaonyesha kwamba kazi ngumu ilifanyika mapema, kwa miradi na kwa juhudi za mtu mmoja mmoja, na kwamba mradi una tarehe ya mwisho ilhali lugha haina.

Tunapendekeza hatua nne. Kwanza, orodha ya maneno na faili ya kanuni zikabidhiwe taasisi ya kudumu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar inastahili kufikiriwa. Pili, leseni ibaki huria ili kazi iweze kuhamia kwa mwenyeji yeyote atakayekuja. Tatu, kompyuta zinazonunuliwa na serikali za wilaya zifike zikiwa na kijenzi cha Kiswahili na alama ya lugha iliyowekwa tayari, kwa kuwa karani hawezi kudaiwa kuitafuta. Nne, kila toleo jipya lijaribiwe katika ofisi ya mpakani kabla ya kutolewa, likiwa na majina ya mahali ya pande zote mbili. Kijenzi kitakachopita bila aibu katika tangazo la soko la Bwera kitakuwa kimepita mtihani ambao matamko ya 1973, 2005 na 2022 hayakuwahi kuwekewa.