Gauni la Promu na Mlango wa Wanawake



Kila msimu wa mahafali wasichana huja dukani kwetu na simu mkononi. "Anti, nishonee kama hili." Pichani ni gauni refu, mabega wazi, sketi imetanuka kama mwavuli. Ukiuliza limetoka wapi, utaambiwa Marekani, kwenye promu. Tukaona leo tuisimulie habari yake, maana nguo ina asili yake, na anayeivaa ni vyema aijue.

Promu ni usiku wa dansi wa wanafunzi wa sekondari wanaokaribia kumaliza. Jina limefupishwa kutoka neno la Kifaransa lenye maana ya matembezi, kwa kuwa dansi za watu wakubwa zamani zilifunguliwa kwa wageni kuingia ukumbini wawili wawili, kila mtu aonekane. Mwishoni mwa karne ya 19 wanafunzi wa vyuo vya kaskazini mashariki mwa Marekani walikuwa nayo, kisha ikashuka hadi sekondari. Kufikia miaka ya 1950 ilikuwa jambo kubwa: gauni jipya, ukumbi uliopambwa, ua la kufunga mkononi. Msichana alingoja mvulana aje kumwalika. Asiyealikwa alibaki nyumbani.

Nchi nyingine zina zao. Poland hucheza siku 100 hivi kabla ya mtihani wa mwisho, na hufungua kwa poloneza, ngoma ya kutembea kwa safu. Finland hucheza mwezi wa Februari, wasichana wakiwa na magauni ya mtindo wa kizamani.

Lakini ukumbi wenye mlango huwa na walioachwa nje. Katika mji wa Charleston, jimbo la Mississippi, Weupe na Weusi walisoma shule moja, ila promu zao zilikuwa mbili. Mwaka 1997 mwigizaji Morgan Freeman alijitolea kuwalipia gharama wakicheza pamoja, hawakukubali. Aliporudia mwaka 2008, wakakubali.

Na wasichana wa Kiislamu je? Hamtramck ni mji mdogo uliozungukwa na Detroit. Zamani ulijaa Wapoland waliofuata kazi za viwanda vya magari. Leo Wayemeni na Wabangladeshi ni wengi. Wasichana wengi pale hawakuweza kwenda promu ya mchanganyiko, kwa dini yao na kwa heshima ya wazazi. Mwaka 2012 wanafunzi wa sekondari ya mji huo wakaandaa promu ya wasichana watupu. Mvulana hakuruhusiwa kuingia. Hijabu zikavuliwa, nywele zilizotengenezwa saluni zikaonekana, wakacheza mpaka wakachoka.

Sisi wa visiwani tukisoma habari hiyo tunatabasamu. Si ndivyo tunavyofanya kwenye shughuli zetu? Mabuibui hutundikwa, udi unafuka, na ndani kila mtu anang'ara kwa wanawake wenzake. Bibi zetu hawakuona kuwa stara na furaha ni maadui.

Tunasema haya kwa sababu moja. Dukani kwetu kuna gauni la rangi ya zambarau lililobaki tangu mwaka jana. Mwenyewe alikuwa amalize kidato cha nne. Wenzake walipanga sherehe ya usiku, wavulana na wasichana, na mama yake akamkataza. Mama hakukosea. Lakini hakuna aliyempa binti kitu kingine badala yake. Hakuja kulichukua, na hata salamu siku hizi anatupa kwa mbali.

Kwa hiyo mama, shangazi, somo: ukimfungia mtoto mlango mmoja, mfungulie mwingine. Sebule yenu inatosha. Waalike rafiki zake alasiri moja, pika biriani, weka dufu, wanaume watoke. Mikono na mabega ya gauni tutaongeza lesi akitaka. Asipotaka, humo ndani ni wanawake watupu.

Lile la zambarau bado tumelihifadhi. Limebaki pindo tu.