Geti la chuo na basi la Bariadi

Wadau, kuna wiki moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, kule Arusha. Jumanne Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule, Jumatano vikafuata vyuo. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, Dar es Salaam. Kufika jioni hosteli nzima inafunga mabegi, na kesho yake niko Ubungo nagombania tiketi ya Bariadi.

Basi lilijaa mpaka kwenye korido. Nyuma yangu kulikuwa na jamaa aliyekohoa kuanzia Morogoro hadi Shinyanga, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Nilifika usiku mkubwa, bibi akanipokea kwa mikono miwili kama kawaida yake. Nikamkumbatia... halafu ndipo nikakumbuka.

Pale chuoni hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi, wala tunakwenda kuishi na nani. Tuliambiwa tuondoke tu.

Baadaye nikaanza kusoma habari za mafua ya 1918, yale yaliyoitwa ya Kihispania ingawa hayakuanzia Hispania. Magazeti ya huko hayakubanwa na udhibiti wa vita, yakaandika wazi, jina likawagandia. (Waandishi wenzangu mtanielewa.) Afrika Mashariki yaliingia kwa meli Mombasa, Septemba 1918, yakapanda na reli kuelekea bara. Huku kwetu vita ilikuwa inaisha. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Askari wake wakapelekwa kambini Tabora, na mafua yakaua wengi wao. Wapagazi wa pande zote mbili, waliochoka na wenye njaa, walirudi makwao kwa miguu, kijiji hadi kijiji. Mwanahistoria John Iliffe anakadiria kwamba Tanganyika ilipoteza watu kati ya 50,000 na 80,000.

Mnaona kinachofanana? Unakusanya vijana mahali pamoja, ugonjwa unaingia, unawatawanya.

Marekani mwaka huohuo kuna vyuo vilivyofanya kinyume. Princeton na Bryn Mawr vilibana mageti watu wakiwa ndani. Watafiti wa Michigan wakiongozwa na Howard Markel walikuja kuvihesabu kati ya jamii saba ambazo wimbi kali la vuli lilipita bila kuua zaidi ya mtu mmoja katika kila jamii.

Sasa msikimbilie kusema tuige. Princeton walikuwa na mabweni na majiko yao. Mwanafunzi wetu amepanga chumba mtaani, anakula kwa mama ntilie, na boom likichelewa wiki mbili hana hata nauli. Ukimfungia bila chakula ataruka ukuta, na mimi ningeruka. Maandalizi ya kweli yanaanzia kwenye daftari: nani anakaa wapi, nani kwao kuna mzee au mgonjwa, chumba gani kitatengwa kwa wanaougua, na nani atampelekea uji.

Na si kwamba mwaka 2020 ndiyo tuliamshwa mara ya kwanza. Juni 2009, mgonjwa wa kwanza wa mafua ya nguruwe nchini Kenya alikuwa mwanafunzi wa Uingereza aliyekuja na wenzake zaidi ya 30, wakafikia Kisumu. Walitengwa hotelini palepale badala ya kuachwa wasambae. Kisumu ni ng'ambo tu ya ziwa letu!

Kwetu Simiyu, mkoa uliozaliwa 2012, hadithi ya chuo ilikuwa ya mtu kusafiri mbali. Leo IFM ina kampasi mkoani. Maana yake siku nyingine kama ile ya Machi ikija, mabasi hayataleta wanafunzi Bariadi tu, yatawapeleka pia Kigoma, Mbeya na Tanga, kila mmoja kwa bibi yake. Ningependa kuliona hilo daftari, huko na kwenye vyuo vyote, kabla ya siku hiyo.

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020. Bibi hakuugua. Mimi sijui kama niliugua, maana sikupimwa. Wiki mbili za kwanza nililala chumba cha nje, na sahani yangu peke yangu. Bibi alikasirika kweli, akawaambia majirani kwamba mjukuu wake amerudi na maringo ya Dar.