Q Isiyokuwa na U

Msikilizaji mpenzi, juma hili mjukuu wangu alinijia barazani na simu mkononi. Alikuwa akicheza ule mchezo wa kupanga herufi mpaka zikawa neno la Kiingereza, mchezo uitwao Scrabble. "Babu," akasema, "nimebaki na q na sina u. Nipe neno."

Mchezo huo ulibuniwa na Mmarekani, Alfred Butts, katika miaka ya 1930. Alikaa akazihesabu herufi katika magazeti ya kwao apate kujua ipi hutumika sana na ipi ni adimu, na ile adimu ikapewa thamani kubwa. Q ina alama 10, maana katika Kiingereza q kwa kawaida haitembei ila ifuatwe na u. Lakini haikuwa hivyo tangu asili. Waingereza wa kale neno queen na neno quick waliyaandika kwa c na w, karibu na sisi tunavyoandika kwinini kwa k na w. Ni baada ya Wanormani kuivamia nchi yao mwaka 1066 ndipo mtindo wa Kifaransa wa qu ulipoenea. Kumbe hata Mwingereza ana herufi alizochaguliwa na mgeni!

Hayo nimeyajua ukubwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa skuli hapa Unguja, mwalimu wetu alituambia kuwa hakuna neno la Kiingereza lenye q pasipo na u, nasi tukaliandika hilo kama sheria. Jioni nikarudi nyumbani Malindi, nikamweleza bibi yangu. Bibi alisoma chuoni akahitimu msahafu, na barua za jamaa zetu wa Mombasa na Maskati alizisoma na kuzijibu yeye, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Akaniuliza hiyo q ndiyo herufi gani. Nikamwambia ni kama ka. Akacheka. "Mwanangu, ka ziko mbili. Iko kafu na iko qafu. Ukisema qalbi kwa qafu umetaja moyo. Ukiisema kwa kafu umetaja mbwa."

Mimi nikijiona msomi, nikamjibu kuwa hayo ni mambo ya chuoni.

Sasa tuangalie, msikilizaji, vipi qafu ilipotea katika maandishi yetu. Kiswahili cha herufi za Kilatini kwa sehemu kubwa kilipikwa katika mji huu huu. Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwasili Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja. Huyu ndiye aliyekuwa askofu mwaka 1874 na kusimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Baada yake akaja A. C. Madan na kamusi zake mbili, ya 1894 na ya 1903. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na kamusi zake zilizoongozwa na Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939.

Katika alfabeti hiyo sanifu q na x hazimo. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981: ukimaliza P unaingia R, na ukitoka W unakwenda Y. Maneno ya Kiingereza yalipobisha hodi yalivuliwa viatu mlangoni. Taxi ikawa teksi, box ikawa boksi, quarters zikawa kota. Hapo hapana dhara. Lakini mlango huo huo ndio waliopita qalamu, qaburi na qadhi, wakatoka kalamu, kaburi na kadhi. Kafu na qafu zikawa kitu kimoja.

Sisemi kuwa hati ya Kiarabu haikuwa na kasoro. Haina p, haina v, haina ch. Mwandishi wa zamani aliweza kuandika ba mahali pa p, na msomaji akajitambulia mwenyewe, ijapokuwa wako walioongeza nukta kuondoa tatizo hilo. Herufi za Kilatini zinakichukua Kiswahili vizuri, na ndizo ninazosomea maneno haya. Kosa halikuwa kuleta herufi mpya. Kosa ni kumhesabu aliyesoma kwa zile za zamani kuwa hakusoma.

Na kosa hilo nililifanya mimi. Siku moja walipita mtaani watu wenye daftari, wakiwaandika wasiojua kusoma. Bibi alikuwa jikoni. Wakaniuliza mimi, "Bibi yako anajua kusoma?" Nikajibu, "Hajui." Wakatia alama, wakaenda zao.

Bibi alisikia, wala hakusema kitu. Usiku alinipa barua ya ami yangu iliyotoka Mombasa, akaniambia, "Nisomee, mimi sijui kusoma." Juzuu niliipitia chuoni, lakini mwandiko ule wa mkono usio na irabu ulinishinda. Niliigeuza juu chini, kisha nikamrudishia.

Miaka ikapita, Bibi akafariki. Siku moja nikafungua kamusi kubwa ya Kiingereza katika maktaba, nikaanza kutafuta q zisizokuwa na u. Nikakuta qadi, qibla, faqir, talaq, niqab. Yote hayo yalikuwa nyumbani kwetu Malindi, kinywani mwa yule niliyesema hajui kusoma. Hata gazeti la Jumuiya ya Waarabu lililokuwa likitoka mjini hapa liliitwa Al-Falaq, na q yake haina u.

Basi mjukuu wangu nilimpa qadi, akapata alama 14, akafurahi. Kisha nikamfungulia sanduku nikamwonesha barua za bibi yangu. Nyingine mpaka leo sijaweza kuzisoma.

Wewe nawe, msikilizaji, kama unayo makaratasi ya wazee yenye mwandiko huo, usiyachome. Mtafute anayejua kuyasoma angali hai, au yapeleke Nyaraka pale Kilimani. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hadi juma lijalo, kwaherini.