Nani Apewe Namba: Makwotabeki wa Vyuo Vidogo

Ukiwakuta mashabiki wa vyuo vidogo vya Marekani mwezi wa Novemba, wakizungumzia ule mpira wao wa kurushiana kwa mikono na kuangushana, mazungumzo yao yana mambo mawili. La kwanza ni timu yetu itafika wapi kwenye mtoano. La pili ni huyu kijana wetu anayerusha mpira: je, wakubwa wa NFL watamchukua? Na hapo hakosi kutokea mmoja wa kumwaga maji kwenye moto: "Takwimu zake nzuri, sawa, lakini amecheza na nani?" Sisi jambo hilo tunalijua kwa maneno yetu. Huyo ni wa mchangani, ligi kuu hatoboi.

Swali la "amecheza na nani" si la kijinga. Mabeki wa chuo cha wanafunzi elfu tatu si mabeki wa NFL, na wapo vijana wengi waliong'ara vijijini wakazimika mjini. Lakini nimekaa na historia ya swali hili kwa muda sasa, tangu niliposoma kitabu cha Samuel G. Freedman, Breaking the Line, kilichotoka mwaka 2013, na ninachokiona ni kwamba halikuulizwa kwa wote namna moja. Kijana mweupe wa chuo kidogo aliulizwa, kisha akapewa nafasi ya kulijibu uwanjani. Mweusi aliulizwa, kisha akahamishiwa namba nyingine kabla hajajibu.

Kwa asiyeufuatilia mchezo wenyewe: kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza. Ana sekunde mbili tatu za kuusoma ulinzi wa wapinzani na kuamua aurushe, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie nao mwenyewe. Wenzake kumi wanamsikiliza yeye. Kwa miongo kadhaa makocha na wamiliki wa timu waliihesabu kuwa namba ya akili na uongozi, na hapo ndipo ubaguzi ulipopata pa kujificha. Hukuhitaji kusema Mweusi hawezi kuongoza. Ulisema tu kwamba kijana ana mbio nzuri, angefaa zaidi kuwa beki.

Nianze na mwaka 1994, kwa sababu hapo mabishano yote mawili, la mtoano na la NFL, yalikutana kwa mtu mmoja.

Alcorn State ni chuo cha Lorman, Mississippi, kilichoanzishwa mwaka 1871 kwa ajili ya Weusi. Steve McNair alitoka mji mdogo wa Mount Olive, jimbo hilohilo. Alipomaliza sekondari vyuo vikubwa vilimtaka, ila vingi vilimtaka acheze beki. Alcorn walimwambia njoo uwe kwotabeki. Kaka yake, Fred, alikuwa amecheza namba hiyo hapohapo kabla yake, na hata lile jina la utani la "Air McNair" Steve alilirithi kwa kaka.

Msimu wake wa mwisho ulikuwa wa ajabu. Kwa kurusha na kukimbia alikusanya yadi 5,799, na kwa miaka yake minne chuoni alifikisha 16,823. Septemba 1994 jarida la Sports Illustrated lilimweka kwenye jalada na kutaka apewe tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Hakuipata. Alikuwa wa tatu, nyuma ya Rashaan Salaam wa Colorado na Ki-Jana Carter wa Penn State. Lakini wa tatu, kutoka Lorman! Ni chuo ambacho Wamarekani wengi wasingeweza kukuonyesha kwenye ramani.

Kisha ukaja mtoano. Alcorn walikuwa Division I-AA, daraja la chini ya vyuo vikubwa, na mwishoni mwa Novemba walisafiri mpaka Youngstown, Ohio. Youngstown State ya kocha Jim Tressel ilikuwa imetwaa ubingwa mwaka 1991 na 1993, na mwaka huo ingeutwaa tena. Matokeo: 63 kwa 20. McNair alirusha mipira 82, ikafika 52, yadi 514.

Tazama hizo namba uone jinsi watu wawili wanavyoweza kuzigombania bila yeyote kudanganya. Mwenye shaka anasema, unaona, kakutana na timu iliyopangika kafungwa kwa tofauti ya pointi 43. Hao wa NFL si watamtafuna? Anayemwamini anajibu kwamba kwotabeki hachezi ulinzi. Zile 63 hakufungwa yeye, na yadi 514 ugenini, dhidi ya bingwa, si za mchangani. Mimi niko na huyu wa pili. Ila jibu zuri zaidi kwa mwenye shaka limekaa miaka 25 nyuma ya mechi hiyo, jimbo la jirani, Louisiana.

Desemba 1969 Terry Bradshaw wa Louisiana Tech alicheza mechi yake ya mwisho ya chuo. Wakati huo Louisiana Tech kilihesabiwa miongoni mwa vyuo vidogo, na vyuo vidogo havikuwa na mtoano wa taifa zima. Msimu uliishia kwenye mechi nne za kanda. Bradshaw alifungwa ya kwake, 34 kwa 14, na East Tennessee State, ambao nao hawakuwa timu ya kutisha mtoto usiku. Wiki chache baadaye NFL ikachagua wachezaji wapya. Pittsburgh, waliokuwa na haki ya kuchagua mbele ya wote, walimchukua Bradshaw. Kufungwa kule hakukumharibia kitu. Waliangalia mkono wake wakasema mengine tutamfundisha. Na kweli walimfundisha, kwa uvumilivu, kupitia misimu ya mwanzo ambayo alikosea mno, mpaka akawapa mataji manne ya Super Bowl. Sina ugomvi na Bradshaw. Mbona nafasi aliitumia.

Sasa, Louisiana Tech iko Ruston. Grambling, chuo cha Weusi, kiko jirani, chini ya kilomita kumi. Mwaka mmoja kabla ya Bradshaw, Grambling ilikuwa na James Harris, kwotabeki mrefu mwenye mkono wa nguvu, aliyelelewa na kocha Eddie Robinson. Robinson aliifundisha Grambling tangu 1941, na Harris alimwandaa makusudi aende NFL akiwa kwotabeki, si kitu kingine. Harris alishikilia hivyo hivyo: namba sihami. Mwaka 1969 akachaguliwa na Buffalo, raundi ya nane, mtu wa 192.

Wa kwanza na wa 192, kilomita zisizofika kumi. Jamani.

Utasema labda Bradshaw alikuwa bora zaidi, na huenda ni kweli. Ndiyo maana mfano unaonishika mimi hasa ni mwingine, wa ndani ya timu moja. Florida A&M, chuo cha Weusi cha Tallahassee, kilikuwa na kwotabeki anaitwa Ken Riley. Mwaka 1969 Cincinnati walimchagua raundi ya sita, na alipofika walimfanya beki wa pembeni. Miaka miwili baadaye, Cincinnati haohao walikwenda kumtafuta kwotabeki katika chuo kidogo zaidi: Augustana, chuo cha Walutheri cha Rock Island, Illinois. Wakamchukua Ken Anderson, mweupe, raundi ya tatu. Huyu hawakumuuliza kama yuko tayari kuhama namba. Walimkabidhi kwa kocha msaidizi Bill Walsh, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa makocha wakubwa wa mchezo huo, akamnoa. Mwaka 1981 Anderson alikuwa mchezaji bora wa NFL.

Kwa hiyo kuanzia 1971 mpaka 1983 chumba kimoja cha kubadilishia nguo kilikuwa na akina Ken wawili, wote makwotabeki wa vyuo vidogo. Mmoja alirusha mipira, mwingine alidaka ya wapinzani. Na Riley aliidaka kweli: misimu 15, mara 65 alinyakua mpira uliorushwa na kwotabeki wa timu nyingine. Mtu wa kubahatisha hafiki huko. Ili uunyakue mpira lazima usome anachofikiri anayeurusha, na Riley alikuwa amewahi kuwa huyo anayeurusha. Ile akili waliyodai inahitajika kwa kwotabeki waliitumia miaka 15, upande wa pili wa mpira.

Hao hawakuwa peke yao. Mwaka 1968 Oakland walimchagua Eldridge Dickey wa Tennessee State raundi ya kwanza, kisha wakamgeuza mpokeaji. Mwaka huohuo Denver walimchukua Marlin Briscoe kutoka chuo cha Omaha wakimtaka awe beki. Aliomba ajaribiwe kwanza kwenye namba yake, wakamjaribu, na majeruhi yalipowazidi wakamwingiza. Alirusha tachidauni 14 msimu huo. Mwaka uliofuata hakuwa na namba Denver. Alikwenda Buffalo akawa mpokeaji, na huko mmoja wa waliomrushia mipira alikuwa James Harris.

Nirudi kwenye "amecheza na nani", kwa sababu hapo kitabu cha Freedman kimenisaidia sana. Harris na Riley walikutana uwanjani tarehe 2 Desemba 1967, Miami, kwenye mechi iliyoitwa Orange Blossom Classic. Grambling walishinda 28 kwa 25. Kwa vyuo vya Weusi hiyo ndiyo ilikuwa kama fainali, kwa sababu kule Kusini hawakucheza na vyuo vya Weupe vilivyokuwa jirani zao. Florida A&M ilibidi wangoje mpaka Novemba 1969 ndipo wakapata mechi na chuo cha Weupe cha jimbo lao, University of Tampa. Walishinda 34 kwa 28. Riley alikuwa ameshaondoka, yuko Cincinnati, beki. Yaani unamfungia mtu mlango asicheze na yeyote, halafu wasaka vipaji wanakuja na kalamu kumuuliza umecheza na nani.

Mtoano wenyewe ulikuja baadaye. Division I-AA iliundwa mwaka 1978, na mwaka huo timu nne tu ziliingia. Bingwa wa kwanza? Florida A&M, 35 kwa 28 dhidi ya Massachusetts. Nadhani ushindi huo haujapewa uzito wake kwenye mabishano haya.

Mwaka huohuo wa 1978 Doug Williams, naye wa Grambling, naye wa Robinson, alichaguliwa na Tampa Bay raundi ya kwanza, mtu wa 17, tena akiwa kwotabeki. Habari zake zimeandikwa sana, sitazirefusha. Tarehe 31 Januari 1988, akiwa Washington, timu yake ilikuwa nyuma 10 kwa 0 kwenye Super Bowl. Katika robo ya pili peke yake alirusha tachidauni nne. Mwisho ilikuwa 42 kwa 10, na yeye akawa mchezaji bora wa mechi. McNair alikuwa hajafikisha miaka 15.

Ndiyo maana Aprili 1995 ilikuwa tofauti. Mashabiki waliendelea kubishana, zile pointi 63 za Youngstown zikitajwa, lakini Houston Oilers, wenye zamu ya tatu, walimchagua McNair wa Lorman. Kerry Collins wa Penn State, chuo kikubwa chenye kila kitu, alichaguliwa wa tano. Kocha Jeff Fisher hakuwa na haraka. Kwa sehemu kubwa ya misimu miwili McNair alikaa benchi akijifunza, anasa ambayo Briscoe hakuipata. Mwaka 1997, timu ilipohamia Tennessee, namba ikawa yake.

Alijibu swali? Januari 2000 aliifikisha Tennessee kwenye Super Bowl, na katika mchezo wa mwisho kabisa mpokeaji wake Kevin Dyson aliangushwa yadi moja kabla ya mstari. St. Louis Rams 23, Tennessee 16. Mwaka 2003 alitangazwa mchezaji bora wa NFL pamoja na Peyton Manning, mtoto wa kwotabeki, aliyesoma chuo kikubwa na ambaye hakuna aliyewahi kumwambia ajaribu ubeki. McNair aliuawa kwa risasi Nashville tarehe 4 Julai 2009, akiwa na miaka 36.

Ken Riley alifariki mwaka 2020. Mwaka 2023 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la mchezo huo huko Canton, Ohio. Ameandikwa beki.